Sisibo: Mji Uliopata Reli Kabla ya Watu Wake Kuhesabiwa

Mwambie kijana wa boda pale mjini Eldoret akupeleke Sisibo, atakuangalia tu. Mwambie mzee, atacheka. Sisibo ni namba 64 ya Kiingereza ikipita kwenye ulimi wa Kinandi. Mji wetu ulianza kama namba ya shamba, na mpaka leo naona hadithi yake ni ya vitu viwili: nani amehesabiwa, na njia inapita wapi.

Posta ilifunguliwa kwenye shamba hilo, kando ya Mto Sosiani, mwaka 1910. Reli haikuwepo. Ile ya kwanza ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901 ikipita mbali huko kusini. Makaburu waliokuja mwaka 1908 walipanda kutoka Nakuru kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mizigo ilishushwa Londiani, halafu ni matope mpaka ufike. Inasimuliwa kwamba kasha la chuma la benki lilikuwa zito hivi kwamba lilipoanguka kutoka garini, liliachwa hapo hapo, benki ikajengwa kulizunguka. Hata kama wametia chumvi, huo ndio usafiri wa wakati ule.

Lakini walowezi walipewaje uwanda mzima? Jibu la serikali ya kikoloni lilikuwa rahisi: hapakuwa na watu. Na jina lenyewe, Uasin Gishu, ni la Wamaasai walioishi hapa kabla ya kushindwa vitani karne ya 19. Baadaye Wanandi walilisha ng'ombe wao humo. Koitalel arap Samoei aliuawa Oktoba 1905, na watu wake wakasukumwa kwenye rizavu. Kwa hiyo uwanda haukuwa mtupu tangu jadi. Ulitolewa watu, halafu ukaitwa mtupu.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924 na mji ukachangamka. Ngano na mahindi ya walowezi vikapata njia ya kwenda Mombasa. Mwafrika naye, kama ni mwanamume, hakuweza kutembea bila kipande shingoni. Sasa sikia hii: sensa ya kwanza iliyohesabu Waafrika wa Kenya kwa ukamilifu ilifanywa mwaka 1948. Yaani gunia la mahindi lilijulikana uzito wake miaka 24 kabla ya aliyelilima kuhesabiwa.

Leo hesabu zipo. Sensa ya 2019 ilipata watu 475,716 mjini Eldoret, na Agosti 2024 tukawa jiji. Tuna uwanja wa ndege tangu miaka ya tisini. Lakini toka kwenye lami kidogo tu. Kijijini kwetu, mvua ya Aprili ikinyesha siku mbili, mat haishuki. Boda ndiyo ilituokoa, hasa baada ya serikali kuondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Ila boda nayo huteleza. Maziwa ya asubuhi huganda kwenye mtungi yakingoja njia ikauke. Nimeona mama mwenye uchungu wa kuzaa akisukumwa kwa mkokoteni mpaka barabara kuu, gogo yangu akitembea kando akimshika mkono.

Ndiyo maana sipendi nikisikia vijana wenzangu wakisema sensa ni kupoteza wakati. Tangu Katiba ya 2010 ituletee kaunti, idadi ya watu imekuwa kigezo kizito katika kugawa pesa, na pesa hizo ndizo zinazotakiwa kutengeneza njia za vijijini. Ukijificha karani akipita, umepunguza kifusi cha murram kwa jirani yako.

Hesabu peke yake haijengi barabara, hilo najua. Lazima pia tuulize imeenda wapi. Lakini sisi tunajua vizuri kinachotokea mahali pakishaandikwa kuwa hapana watu: anakuja mwingine na kupachora ramani, anapapa namba, na njia inapita anakotaka yeye.