Msamaha, Kaya na Kadi: Tarikhi Fupi ya Bima ya Afya ya Mtoto wa Mkulima, na Mfano wa Ubaruku

Maneno ya serikali yana tarikhi yake kama yalivyo maneno ya washairi, na aghalabu tarikhi hiyo hutufunulia mambo ambayo hesabu za fedha huyaficha. Katika makala haya nakusudia kufuata maneno matatu, yaani msamaha, kaya na kadi, ambayo kwayo watoto wa watu wenye kipato kidogo nchini Tanzania wametibiwa, au wamekosa kutibiwa, tangu 1993. Mfano wangu ni Ubaruku, mji wa wakulima wa mpunga katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Maana hapo ndipo maneno haya hupimwa na maisha yenyewe.

Kwanza yafaa tulitazame neno bima. Lilitufikia kwa njia ya lugha za Bara Hindi, nazo zililipokea kutoka Kiajemi, ambamo bim ni hofu. Asili hiyo yaeleza jambo lenyewe vema: watu wengi huchanga wangali wazima, ili yule mmoja atakayepatwa asiibebe hofu yake peke yake. Kuchangiana si jambo geni kwetu. Tunachangiana kwa arusi na kwa msiba. Tofauti ni kwamba mchango wa msiba hutolewa baada ya tukio, na wa bima hutolewa kabla, tena kwa ajili ya mtu asiyejulikana bado.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mwananchi alitibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Mwaka 1993 ukaletwa utaratibu wa uchangiaji, uliomtaka mgonjwa alipe sehemu ya gharama. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano, pamoja na wajawazito na wale waliotambuliwa kuwa hawana uwezo, wakapewa msamaha. Neno hili la asili ya Kiarabu halikosi uzito. Asamehewaye ni mkosaji au mdeni; kwa hiyo mtoto mchanga, kabla hajatambaa, alihesabiwa kuwa ana deni, kisha akaachiliwa. Wala hili si suala la lugha tu. Deni likisamehewa, hakuna alipaye. Zahanati iliyomtibu mtoto kwa msamaha haikupata fedha yoyote kwa ajili yake, na dawa zilipokwisha rafuni, mzazi aliandikiwa aende akanunue dukani. Msamaha ulifungua mlango, lakini haukujaza kabati. Tena mtoto alipotimiza miaka mitano, msamaha wa umri ulimwacha papo hapo.

Neno la pili ni kaya. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa wilayani Igunga, ambako kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka. Sheria ya Mfuko huo ikatungwa mwaka 2001. Mwaka huo huo ulianza kazi Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliokuwa umeundwa kwa sheria ya 1999. Huu ulianza na watumishi wa serikali: asilimia 3 ya mshahara ilitoka kwa mtumishi na asilimia 3 kwa mwajiri, na mtoto wa mtumishi akaingia pamoja na mzazi wake. Hivyo watoto wakagawanyika mafungu mawili: mmoja aliyelindwa kila mwezi na mshahara usiokawia, na mwingine aliyeitegemea hiari ya kaya na mavuno yake.

Kwa Mfuko wa Jamii serikali iliahidi kuongeza kiasi kilicho sawa na michango iliyokusanywa, na mpango huo ukaitwa tele kwa tele. Jina ni tamu. Lakini wilaya iliyokusanya tele ndiyo iliyoongezewa tele, na ile maskini iliyokusanya haba iliongezewa haba. Mfuko ulioboreshwa kuanzia 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, nao waliweza kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa kwa rufaa.

Lakini kaya ni nini? Wamijikenda huliita hivyo boma la kale la mababu ndani ya msitu. Wasukuma huita hivyo nyumbani. Katika lugha ya utawala ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Hebu tulipeleke neno hili Ubaruku. Mji huu ulikua kando ya shamba kubwa la mpunga la Mbarali, lililoanzishwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970 na kuendeshwa na shirika la umma kabla ya kubinafsishwa. Kwa Wasangu wenyeji wakaongezeka Wabena, Wahehe, Wakinga, Wanyakyusa na Wasukuma. Wakati wa kupandikiza mpunga nyumba hujaa vibarua na jamaa. Baada ya mavuno hupungua. Mtoto mmoja aweza kula kwa bibi yake mwezi Februari na kwa mjomba wake mwezi Agosti. Ni wa kaya ipi? Na ikiwa bibi ana wajukuu saba, ni yupi atakayeachwa nje ya idadi ya sita? Tena fedha hupatikana mpunga unapouzwa, na homa haingoji mpunga kukauka.

Neno la tatu ni kadi. Mwaka 2016 Mfuko wa Taifa ulianzisha Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mtoto chini ya miaka 18 kuandikishwa kwa jina lake mwenyewe kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Mwanaisimu ataona mara moja kwamba mpangilio wa maneno haya si wa Kiswahili: majina matatu yamesimama sambamba, bila kile kiunganishi -a ambacho hutuambia kitu ni cha nani. Hata hivyo kadi hiyo ilifanya jambo ambalo msamaha na kaya havikulifanya: ilimhesabu mtoto kuwa mtu. Udhaifu wake ulikuwa mahali pengine. Kwa kuwa kuingia kulikuwa kwa hiari, wazazi wengi walimwandikisha mtoto aliyekwisha kuugua, na wazima wakabaki nje. Mchango ukawa wa msiba, si wa bima. Mwaka 2023 Mfuko ulisimamisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja, ukawaelekeza wazazi kwenye shule na vifurushi vya familia. Mwishoni mwa 2024 ukatangaza kuirejesha kadi.

Katikati ya mabadiliko hayo, Novemba 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wakati wa kutungwa kwake, Watanzania waliokuwa na bima ya aina yoyote walikadiriwa kuwa asilimia 15 hivi. Sheria hii imeondoa hiari, na imeagiza wasio na uwezo wagharimiwe kwa fedha za umma. Kwa kanuni hiyo mtoto maskini hatakuwa tena mdeni aliyesamehewa, bali mwanachama ambaye mchango wake umelipwa. Na fedha itamfuata hadi zahanati.

Lililobaki ni kumtambua. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na kwa hiyo fasili ya neno moja katika kanuni yaweza kumfungia mtu mlango. Kama asiye na uwezo atatafutwa kwa kaya peke yake, mtoto wa Ubaruku ahamaye pamoja na majira atapotea kati ya nyumba mbili. Kama ataandikwa kwa jina lake, popote alapo, atapatikana. Kwa maoni yangu, kaya na iendelee kuwa neno la kuhesabia michango ya wale wawezao kulipa. Lakini mtoto asiyeweza kulipiwa na ahesabiwe yeye mwenyewe, na kile kiunganishi kilichoachwa mwaka 2016 kirudishwe mahali pake: bima ya mtoto.