Habari za Kale za Neno "Nice"

Miongoni mwa maneno ya sifa ambayo Mwingereza wa leo huyatamka kutwa kucha, awe anasifu chakula, mgeni au hali ya hewa, hakuna lililogeuka tabia kama neno "nice". Kwani neno hili, ambalo sasa ni la upole na heshima, liliingia katika lugha yao likiwa tusi. Asili yake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua, jahili. Wafaransa wakalirithi kwa maana ya mpumbavu, na baada ya Wanormandi kuitamalaki Uingereza mwaka 1066, lugha ya watawala ilipokuwa ikichanganyika na lugha ya raia, likavuka pamoja na maelfu ya mengine, hata Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, akalitumia katika tungo zake kwa maana hiyohiyo ya upumbavu.

Baada ya hapo maana zake zilitawanyika hata wanachuoni wa lugha wakapata taabu kuzipanga: mara mtu wa anasa, mara mwenye haya, mara mchaguzi wa vyakula na mavazi; na kwa kuwa mchaguzi hukagua hata yaliyo madogo, neno likabeba udogo wenyewe, kisha usahihi. Katika tamthilia ya Julius Caesar, Cassius anapomlaumu Brutus kwa kumhukumu Lucius Pella, aliyetuhumiwa kupokea rushwa, asema kwamba zama kama zile si za kufuatia kila kosa "nice". Na atakayelifahamu neno hilo kwa maana ya siku hizi atadhani habari ni ya kosa zuri, ilhali muradi wa Shakespeare ni kosa dogo, lisilostahili kuchunguzwa. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeitoa tafsiri yake ya tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963, hakuwa na budi kukabiliana na sentensi hiyo, na hapo ndipo ionekanapo dhahiri kwamba kujua Kiingereza cha zama moja hakumtoshi mfasiri.

Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, alitanguliza maana ya usahihi wa kupima mambo kwa undani. Lakini katika karne hiyohiyo ya 18 maana ya kupendeza ilikwisha kuenea katika mazungumzo. Jane Austen aliliona jambo hili kwa jicho kali, akalitia katika riwaya yake Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, miezi michache baada ya kufariki kwake: Catherine akisifu kitabu akipendacho kwa neno hilo, Henry Tilney humdhihaki, akidai kwamba hapo kale pengine lilihusu unadhifu na adabu tu. Wakosoaji wengi wamemshika Henry kama shahidi wao, nao wamesahau mambo mawili: kwamba dada yake mwenyewe humkemea palepale kwa ufidhuli, na kwamba hiyo asili aitajayo siyo asili, kwa kuwa kabla ya unadhifu palikuwapo upumbavu.

Kwa hiyo siwaungi mkono wanaolilaumu neno hili kwa hoja ya asili yake, kwani mwenye kulirudisha huko atalirudisha kwenye ujahili. Hasara ya kweli ni kufifia kwa ile maana ya usahihi, ambayo sasa hukaa zaidi katika maandishi ya wanasheria na wanafalsafa. Nawe msomaji, ukilikuta neno hili katika kitabu cha Kiingereza cha zamani, tazama kwanza mwaka kilipotungwa, ndipo ulifasiri.