Mteremko wa Maji ya Nîmes

Katika karne ya 1 B.K. Warumi walijenga mfereji wa kupeleka maji Nîmes, kusini mwa Ufaransa ya leo, kutoka chemchemi za Uzès. Kwa mstari ulionyoka mwendo huo ni kilomita 20 hivi, lakini mfereji uliizunguka milima hata ukafika kilomita 50. Na katika safari hiyo yote maji yalishuka mita 12 na nusu tu, yaani sentimita 25 kwa kila kilomita.

Vitruvius, aliyeandika kabla ya mfereji huo, alikisifu chombo kiitwacho korobate: ubao mnyofu wa futi 20, wenye miguu na timazi zining'iniazo. Upepo ukizisukasuka timazi, hutiwa maji katika mfuo uliochongwa juu ya ubao. Ni kazi ya seremala, basi, wala si ya mnajimu. Lakini futi 20 za Kirumi ni mita 6 kasoro kidogo, na katika urefu huo mteremko wa Nîmes ni milimita moja na nusu! Kosa la kadiri hiyo, likirudiwa upande ule ule kila ubao uwekwapo, lingeumeza mteremko wote. Dawa yake ni kuugeuza ubao ncha kwa ncha, ili kosa la chombo lijifute lenyewe.

Maji yalifika. Birika la mviringo lililoyapokea mjini, pamoja na matundu yake 10 ya mabomba, laonekana hata leo.