Kesi ya Mwalimu Scopes na Ukurasa Usioshitakiwa

Wasomaji wengine wamepata kusikia kwamba huko Marekani mwalimu alishitakiwa kwa sababu ya somo. Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Machi 1925 jimbo la Tennessee lilitunga sheria ya kuwakataza walimu wa shule za serikali wasifundishe kwamba mwanadamu ametokana na wanyama, kinyume cha habari ya Biblia. Walakini kitabu ambacho jimbo lenyewe liliwaagiza walimu wakitumie, Civic Biology cha George Hunter, kilichopigwa chapa mwaka 1914, kilieleza mageuko, yaani jinsi viumbe walivyobadilika kidogo kidogo tangu kale. Basi mwalimu afanyeje? Akikifunua kitabu, amevunja sheria. Akikifunga, hana cha kufundishia. Sisi tushikao chaki twaijua taabu hiyo.

Katika mji mdogo wa Dayton, wenyeji walioona kwamba kesi itawaletea wageni wengi walimwomba John Scopes, kijana wa miaka 24, akubali kushitakiwa, naye akakubali. Kesi ilianza tarehe 10 Julai. Miongoni mwa washitaki alikuwamo William Jennings Bryan, aliyegombea urais mara tatu. Mwalimu alitetewa na wakili Clarence Darrow. Watu walijaa hata siku moja hakimu akalihamishia baraza nje, uwanjani. Hapo Darrow akamhoji Bryan mwenyewe juu ya Yona na samaki, na juu ya siku za kuumbwa ulimwengu. Naye Bryan akakiri kwamba huenda siku zile hazikuwa za saa 24. Wazee 12 wa baraza walikata shauri kwa dakika kama tisa: Scopes ana hatia. Hakimu akamtoza dola 100. Mwaka 1927 mahakama kuu ya jimbo iliitangua hukumu, si kwa ajili ya somo, ila kwa kuwa faini ile ilipasa kukatwa na wazee wale. Sheria yenyewe ilidumu hata 1967.

Lakini kitabu kile kile kilikuwa na ukurasa mwingine. Kiliwagawa wanadamu katika aina tano, kikawaweka Wazungu juu ya wote. Neno hilo ni uongo. Wataalamu wa mageuko wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba wanadamu wote ni wa asili moja, na asili hiyo ni Afrika. Sheria ya Tennessee haikulikataza, wala mashitaka hayakuligusa. Mwalimu wa Dayton aliweza kuwakaririsha watoto ukurasa ule asubuhi na jioni, asitozwe hata senti moja.