Taya likivunjika: waya, uji na plaizi
Wadau, ajali za bodaboda zinavunja taya nyingi, basi nawapa darasa fupi. Dalili: meno ya juu na chini hayakutani kama zamani. Vyuma vidogo vya titani vya kuungia mfupa vina bei, hivyo kwenye hospitali nyingi za serikali daktari anayafunga meno ya juu na chini pamoja kwa waya, mfupa uunge wenyewe. Wiki 4 hadi 6 ni uji, maziwa na supu kwa mrija. Hatari yake: ukitapika mdomo umefungwa, unaweza kupaliwa ukafa. Kwa hiyo pombe marufuku, na plaizi ya kukatia waya ikae karibu, hasa usiku. Nasisitiza: msitoke wodini kabla ndugu hajaonyeshwa pa kukata.