Orodha ya waliohukumiwa kwa kunajisi watoto: nani anapaswa kuisoma?

Mwaka 2020, Mamlaka ya Taifa ya Mashtaka nchini Rwanda ilianza kuchapisha kwenye tovuti yake majina ya watu waliotiwa hatiani kwa ubakaji na kwa kunajisi watoto. Hatua hiyo ilipokewa kwa shangwe na wengi waliochoshwa na habari za mabinti wanaoacha shule kwa sababu ya mimba. Mwaka uliofuata, nchi hiyo hiyo ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi, Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021. Sheria hiyo inaiweka rekodi ya jinai ya mtu katika fungu la taarifa nyeti, pamoja na hali ya afya, imani ya dini na maisha ya ndoa na familia. Kwa hiyo sheria moja inasitiri kile ambacho orodha inaanika.

Wanaoitetea orodha wana hoja nzito. Hukumu hutolewa mahakamani hadharani, wasema, na mzazi ana haki ya kujua ni nani anayeishi jirani na watoto wake. Hata hivyo, adhabu zenyewe zinaipunguzia hoja hiyo makali. Ibara ya 133 ya sheria ya makosa na adhabu, ilivyotungwa mwaka 2018, iliweka kifungo cha miaka 20 hadi 25 kwa anayemnajisi mtoto, na kifungo cha maisha iwapo mtoto hajatimiza miaka 14. Aliyefungwa miaka 20 mwaka 2020 hatarajiwi kurudi kijijini kabla ya 2040. Basi, kwa sehemu kubwa, orodha inamwonya mzazi juu ya mtu ambaye tayari yuko nyuma ya kuta za gereza. Mtu wa kuogopwa leo ni yule ambaye hajashitakiwa.

Ugumu wa jambo hili huonekana zaidi mashambani kuliko mjini. Katika tarafa ya Nzahaha, wilayani Rusizi, si mbali na bonde la Bugarama, watu wa kilima kimoja hujuana kwa ukoo na kwa shamba. Mtoto mara nyingi hudhuriwa na mtu anayemfahamu: baba wa kambo, mjomba, jirani, mfanyakazi wa nyumbani. Jina la mtoto halichapishwi kamwe, lakini likitajwa la baba wa kambo, kilima kizima kimekwisha kumjua binti. Mama anayelitambua hilo ana sababu moja zaidi ya kunyamaza, na familia mbili hupata sababu moja zaidi ya kuyamaliza nyumbani kwa mbuzi au kwa fedha. Hilo ndilo pigo ambalo wabunifu wa orodha za hadharani hulisahau kwa urahisi.

Tena kuna suala la muda. Sheria za Rwanda zinamruhusu aliyemaliza adhabu kuomba mahakama imrejeshee hadhi yake. Mahakama yaweza kufuta doa katika rekodi. Haiwezi kulifuta jina lililokwisha kunakiliwa na kusambazwa kwa simu katika makundi ya WhatsApp.

Mataifa mengine yamepita njia tofauti. Marekani ilianza na sheria ya mwaka 1994 iliyopewa jina la Jacob Wetterling, mvulana aliyetekwa nyara huko Minnesota. Mwaka 1996 sheria ya Megan ikafungua taarifa hizo kwa umma. Mama yake Jacob, Patty Wetterling, aliyeipigania sheria ya kwanza, baadaye alisema hadharani kwamba orodha zimepanuliwa kupita kiasi. Uingereza ina rejista tangu 1997, lakini hushikwa na polisi. Mzazi mwenye wasiwasi juu ya mtu fulani huenda kuuliza. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba kumweka mtu katika rejista maisha yake yote, bila nafasi ya kuomba suala lake lipitiwe upya, kunakiuka haki ya faragha. Afrika Kusini, kwa sheria ya 2007, iliunda rejista iliyofungwa kwa umma, na kumtaka anayeajiri watu wa kufanya kazi na watoto aihakiki kwanza.

Mfano huo wa mwisho ndio unaoelekea kuifaa Rusizi zaidi, kwa kuwa humpa taarifa mwenye wajibu wa kuitumia na kumsitiri mtoto. Rwanda tayari ina chombo kinachokaribiana nao: cheti cha rekodi ya jinai, kinachoombwa kupitia Irembo. Shule yaweza kumdai mwalimu cheti hicho. Lakini ni nani humdai mwalimu wa masomo ya jioni, au kijana wa kazi za nyumbani aliyevuka mto Ruzizi kutoka Kongo? Cheti cha Kigali hakisemi lolote juu ya hukumu iliyotolewa Bukavu au Cibitoke.

Kwa kesi ambayo bado haijafika mahakamani, taarifa hupokelewa na Idara ya Upelelezi, RIB, kwa simu ya bure namba 166, au na wale wajitolea wawili wa kila kijiji waitwao Inshuti z'Umuryango. Vituo vya Isange, vilivyoanzia hospitali ya Kacyiru mwaka 2009, sasa vimo katika hospitali za wilaya, na huduma zake ni bure. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza kutumiwa ndani ya saa 72, nazo hutolewa hata kama mtuhumiwa hajajulikana.