Waliofundisha kompyuta Kiswahili

Hebu twende Shelui, msomaji, kwenye duka la kutoa kopi kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuupanda mlima Sekenke. Mzee mmoja alikuja kuchapiwa barua ya kupeleka halmashauri. Kijana wa dukani akamaliza kuchapa, akataka kufunga, ujumbe wa Kiingereza ukatokea kwenye skrini.

"Inasemaje hiyo?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee wangu. Huwa nabonyeza tu hapa, inaendelea."

Akabonyeza, na barua yote ikapotea. Kumbe kompyuta ilikuwa inauliza kama aihifadhi.

Tukisimulia historia ya kompyuta Tanzania, kwa kawaida tunataja mashine. Ya kwanza, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sawa, lakini nani aliihangaikia lugha?

Desemba 2004 ilitoka Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, yote kwa Kiswahili. Ilitokana na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ni programu huria, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha bila kuomba kibali kwa mwenye kampuni.

Usidhani kazi ya namna hii ni kukaa na kamusi tu. Maneno ya programu hutunzwa kwenye orodha, mstari mmoja mmoja, na mengine huwa na pengo ambalo kompyuta hulijaza yenyewe: "fulani imefutwa". Kiingereza hakina shida hapo, neno lao la kufuta halibadiliki. Sisi je? Faili limefutwa, picha imefutwa, ukurasa umefutwa, kiungo kimefutwa. Ngeli zinagoma! Mtafsiri inabidi aizunguke sentensi nzima, na bado ienee kwenye kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza.

Waliofanya kazi hiyo hawatajwi madarasani. Wanafunzi wanakariri majina ya Babbage na Turing, na ni haki yao kuyajua, ila hawaambiwi kuwa kuna watu waliokaa Dar es Salaam wakabishana neno kwa neno ili mashine ituelewe.

Miaka mingi imepita, na kompyuta ya pale Shelui bado inauliza kwa Kiingereza. Kutafsiri ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha tafsiri dukani, na hiyo imebaki kwetu.

Mzee aliketi kwenye benchi akaanza kuisoma upya barua yake kwa sauti. Kijana akachapa tena, kuanzia anwani.